Kaka Alivyotafsiri Kifo

Mpaka leo siwezi kukaa kwenye kiti mpaka filamu iishe. Wenzangu wa hosteli hapa chuoni Chimwaga wameshanizoea. Ikibaki robo saa hivi nasimama, naenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, naenda kumuuliza mtu wa chumba cha tatu kitu ninachokijua vizuri. Wanasema nimekalia siafu. Waache waseme. Jambo hili lilinianza Kidato cha Sita, kwa sababu ya tamthilia moja ya tanzia na filamu zake mbili.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mahali ambapo upepo wa kiangazi ulituletea vumbi mpaka kwenye uji. Mimi nilikuwa mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na katika somo la Lita, yaani fasihi ya Kiingereza, tulipangiwa tamthilia ya zamani kutoka Ulaya. Vitabu vilikuwa sita kwa wanafunzi arobaini na mmoja. Wengine tulisoma fotokopi zilizofifia, ukurasa wa kumi na nne ukiwa umerukwa.

Kisa chenyewe hakikuwa kigumu. Mji umezingirwa na adui, maji yamebaki kwenye kisima kimoja. Mtawala anaapa mbele ya watu kwamba atakayefungua kisima bila amri ya baraza atakunywa sumu, awe nani awe nani. Halafu mwanawe anaugua, anaomba maji usiku kucha, na baba anakwenda mwenyewe kukifungua. Mtoto anapona. Kesho yake baba anakiri barazani, anapokea kikombe na kunywa. Sheria ni msumeno, kama wasemavyo, na msumeno ule ulimkata aliyeunoa.

Watoto wa Dodoma hawahitaji kufafanuliwa habari za kisima. Mwenzetu mmoja kutoka Bahi alisema kwao huyo mtawala angetakiwa kwanza awafukuze ng'ombe kisimani ndipo aape. Kilichotushinda kilikuwa kifo chake. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, na kila aliyekulia kibandani anaijua sheria moja isiyoandikwa popote: stelingi hafi. Stelingi ndiye mkubwa wa filamu. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni ndani ya gunia, lakini hafi. Anayekufa ni adui, au rafiki wa stelingi, tena huyo naye anakufa baada ya kumaliza kutoa wosia.

"Huyu ndiye shujaa wa tanzia," mwalimu wetu wa Lita alituambia. "Anakufa. Asipokufa, hakuna tanzia."

"Mwalimu, basi huyo siyo stelingi," akajibu yule wa Bahi. "Stelingi tutakuwa hatujamwona bado."

Darasa lilicheka mpaka la jirani wakagonga ukuta. Mwalimu hakucheka. Alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, mwenye sweta la kijivu hata jua likiwaka, na aliipenda tamthilia ile kiasi cha kutukera. Alipofika pale kwenye kikombe alikuwa anavua miwani.

Sitaki nijifanye kwamba mwaka ule nilikuwa nawaza tamthilia. Nilikuwa namuwaza mama. Nilipomwacha nyumbani Kondoa mwezi wa kwanza miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimwingii, na daktari alikuwa ametaja figo. Kila Jumapili nilipanga foleni ya simu ya matroni, nampigia kaka yangu aliyekuwa akikaa naye. "Mama anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri." "Nipe niongee naye." "Amelala, dogo. Soma." Jumapili nyingine amelala, na nyingine tena amelala. Nikawa nalala na kuamka na swali moja tu: nitamkuta? Nilikuwa siwezi kukaa. Nilizunguka bwalo kwa miguu wakati wenzangu wanajisomea, mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza kama natafuta kitu.

Nilikuwa na sababu ya kutomwamini kaka. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na kaka, akiwa bado mwanafunzi mwenyewe, ndiye aliyetumwa kunichukua shuleni. Njia nzima aliniambia baba kasafiri kwenda Babati na ataniletea viatu. Nilifika nyumbani narukaruka, nikakuta turubai limefungwa uani na wanawake wameketi kwenye mikeka. Sikumsamehe haraka. Lakini alinipenda, hilo halina ubishi, na baada ya pale yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alikuwa DJ, wale wanaozungumza Kiswahili juu ya sauti za Wazungu na Wakorea ili watu wa vibandani waelewe. Alifanyia kazi hiyo chumba cha uani, ukuta mmoja na chumba cha mama, kipaza sauti kakifunga na raba kwenye mguu wa stuli. Filamu zake zilikwenda Kolo, Bereko, mpaka Babati. Kiingereza alikijua kwa sikio, tena vizuri, ila alikuwa haachi kutia chumvi. Askari wa Marekani kwake walikwenda gulioni Kondoa kununua vitunguu. Jambazi akikimbia, kaka alimwonya asipite njia ya msikitini kwa sababu watu ndiyo wanatoka kuswali.

Filamu ya kwanza ya ile tamthilia mwalimu alituonyesha Jumamosi asubuhi kwenye maabara. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, waigizaji wanazungumza huku wanatazama juu kama wanaoomba mvua. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, hata mwalimu mwenyewe alisimamisha mara kwa mara atufafanulie, na kila aliposimamisha wengine walikuwa wameshalala. Baada ya hapo akasema iko ya pili, ya siku hizi, yenye rangi na bunduki, lakini anaogopa itakuwa kazi bure vilevile.

Hapo ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, kaka yangu anaweza kuitafsiri."

Mwalimu alifikiri muda mrefu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asiharibu. Flashi ikapanda basi la Kondoa mikononi mwa konda, na siku sita baadaye ikarudi kwa njia hiyohiyo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na karatasi yenye mwandiko wa kaka: Soma sana dogo, mama anakusalimia.

Jumamosi ile maabara ilijaa, mpaka wa mchepuo wa sayansi walikuja. Katika filamu hii mtawala alikuwa kanali, na kisima kilikuwa tangi kubwa la maji linalolindwa na askari. Kaka alikuwa kwenye kiwango chake. "Kanali anasema hapa maji ni mgao kama Dodoma, asiye na dumu alale!" Watu walipiga meza. Lakini kwenye zile sehemu za baba na mtoto alituliza sauti, akatafsiri neno kwa neno, na niliona wasichana wawili wanafuta macho. Mwalimu alisimama nyuma kakunja mikono, na nadhani alikuwa amefurahi. Zikiwa zimebaki dakika chache akaja mtu kumwita ofisi ya mkuu wa shule, akatoka.

Kwa hiyo hakusikia mwisho. Kanali alipokunywa kikombe na kuanguka, kaka alipaza sauti mpaka ikapasuka: "Mzee amezimia jamani! Amezimia tu, presha imeshuka! Msiwe na hofu, hao wanamkimbiza hospitali, atatundikiwa dripu, na sehemu ya pili mtamwona anarudi kudai haki yake!"

Maabara nzima ililipuka kwa vifijo. Stelingi hafi! Yule wa Bahi alipanda juu ya stuli. Mimi nilicheka pamoja nao, kwa sababu ni kaka yangu na wanamshangilia. Ila nilitoka kabla taa hazijawashwa.

Wiki mbili baadaye tukafanya moko, ule mtihani wa majaribio. Swali la nne lilitutaka tujadili kifo cha shujaa kwa kutumia tamthilia na mojawapo ya filamu zake. Wanafunzi kumi na tisa walimpeleka shujaa hospitali. Mmoja aliandika kwamba tanzia yenyewe ni uchache wa magari ya wagonjwa. Mwingine alieleza madhara ya kunywa vitu baridi kwa mtu mwenye presha ya kushuka. Mimi niliandika kwamba alikufa, maana kaka yangu namjua.

Mwalimu alizisoma karatasi zile mbele ya darasa, moja baada ya moja.

"Mwandishi alimuua mtu huyu miaka mingi kabla babu zenu hawajazaliwa," alisema. "Leo ninyi mmemtundikia dripu!"

Kisha akaniita nimfuate ofisini kwa walimu.

"Kaka yako hajui Kiingereza?"

"Anajua, Mwalimu."

"Hakuona kwamba mtu amekufa?"

"Aliona."

"Sasa?"

Nilikuwa na hasira na kaka, hasira ile ya zamani ya viatu vya Babati. Mwalimu alifungua kompyuta yake, akanipa visikizio vya kuweka masikioni, akaniambia nitazame dakika kumi za mwisho na kuziandika kwa Kiswahili sahihi, halafu nitawasomea wenzangu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Yeye alikaa meza ya pili anasahihisha.

Maabara ilikuwa na kelele, vicheko na viti vinavyokwaruza sakafu. Visikizio ni jambo jingine. Sauti ya kaka iliniingia kichwani, pumzi zake zote, hata alivyokuwa anameza mate. Chini yake kulikuwa na sauti ya filamu aliyoipunguza. Na kila aliponyamaza kidogo, nyuma kabisa, kulikuwa na sauti nyingine.

Kwanza nilidhani ni waombolezaji wa kwenye filamu. Nikarudisha nyuma. Hawakuwa wao, maana kwenye picha alikuwepo kanali peke yake na kikombe. Ni wanawake waliokuwa wanasoma, kwa Kiarabu, polepole, kwa pamoja, sauti moja ikitangulia na nyingine kufuata. Ile iliyotangulia niliijua. Ni ya jirani yetu mama mwenye duka la kanga, ambaye kwetu akiitwa mahali yeye pamoja na wenzake kumsomea mgonjwa Kurani, watu mtaani wanaanza kuzungumza kwa chini. Hawaji kwa homa. Hawaji kwa miguu iliyovimba. Walikuwa upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa mama, na kaka alikuwa upande huu na kipaza sauti chake. Kanali akainua kikombe, wale wanawake wakazidi, na kaka akapiga ukelele wa kuwafunika: amezimia jamani, amezimia tu. Ule ufa kwenye sauti yake tuliokuwa tumeushangilia maabara haukuwa uigizaji.

Nilirudisha mara nne. Karatasi yangu ilikuwa na sentensi moja: Mtawala anapokea kikombe.

"Umeandika?" mwalimu akauliza.

Nilimpa kisikizio kimoja. Alisikiliza huku ameinama, Mkristo wa Mpwapwa, bila kujua anachosikia.

"Hawa ni akina nani?"

"Majirani zetu, Mwalimu. Wanamsomea mama."

Alitoa kisikizio taratibu, akakiweka mezani. "Hii filamu ililetwa lini?"

Ilikuwa imetimiza wiki tatu. Wiki tatu nzima mimi nazunguka bwalo na kuambiwa amelala.

Tulikwenda wote kwa mkuu wa shule. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia na ruhusa zilikuwa zimefungwa. Hapewi mtu mpaka nyumbani wapige. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa taratibu. Akapiga simu yeye mwenyewe, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, Mwalimu," ilikuwa sauti ya kaka.

"Marahaba. Binti yenu hapa anasema mama yenu amezidiwa. Ni kweli?"

"Hapana, Mwalimu. Mama hajambo. Amelala tu hapa."

Mkuu aliniangalia kama anayesema umesikia mwenyewe. Nilisahau adabu. Nikainama juu ya ile simu.

"Kaka, nani walikuwa wanasoma nyuma ya filamu?"

Nilisikia jogoo wa kwetu. Nilisikia ndoo inawekwa chini. Kisha simu ikakatika, na mkuu wa shule akavuta kitabu cha ruhusa akaandika.

Mwalimu wa Lita alinipeleka stendi kwa pikipiki yake na kusubiri mpaka basi likaondoka. Sikubadilisha hata sare. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni lami tupu siku hizi, lakini sijawahi kuona barabara ndefu kama ile. Abiria waliposhuka kununua mahindi nilitaka kuwapigia kelele. Nilisimama katikati ya viti, konda akaniambia nikae, nikakaa, nikasimama tena. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nimesahau kitu Dodoma.

Nilipokata kona ya mtaani kwetu mahali pa kwanza nilipopatazama palikuwa uani, kama kuna turubai. Halikuwepo. Kaka alikuwa anafua mashuka kwenye beseni, peke yake, mikono imekunjamana kwa maji. Aliponiona hakusimama.

"Yupo?" nikauliza.

"Yupo."

Ndipo nilipomvamia. Nilimsukuma mpaka akakalia maji. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa, na jirani mmoja akachungulia akarudi ndani. Kaka hakujitetea kwa mkono wala kwa mdomo.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungefungua mdomo ukaniambia."

"Ulikuwa na mtihani."

"Mama aliniulizia?"

Alikamua shuka muda mrefu, hata lilipokuwa halina tena maji. "Kila siku," akasema. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Dogo, mimi nikilisema linakuwa. Ndivyo ninavyojisikia. Nikilitamka tu, limekuwa."

"Usipolisema pia linakuwa!"

"Najua."

Nilimdharau wakati ule, na ni haki niandike hivyo. Nilijiona mimi ndiye mkweli wa nyumba ile, mimi niliyeandika kwenye karatasi ya moko kwamba aliyekunywa sumu amekufa na kupata alama zangu. Nikamwacha pale kwenye beseni, nikavua viatu, nikaingia kwa mama.

Alikuwa amekuwa mdogo. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Uso ulikuwa umejaa maji lakini mikono imebaki mifupa, na chumba kilinuka ubani na dawa. Alikaa siku nne baada ya mimi kufika, na kati ya hizo aliongea vizuri saa ile moja tu ya mwanzo. Hizo nyingine tulimlisha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu. Lakini sikuwa nimejua kwamba ni saa moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitafuta kwa mkono, akashika sketi yangu ya sare, akaipapasa kama anayepima kitambaa. "Ni wewe. Nilimwambia kaka yako akuite, akasema unasoma. Nikasema basi, nitangoja amalize."

"Nimekuja, mama."

"Umemaliza mtihani?"

Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba. Nilikuwa nimekuja na begi la daftari ili nisipitwe. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, na macho yake yalikuwa yananitazama, yamechoka kungoja, yakitaka kitu kimoja tu ili yapumzike.

"Nimemaliza, mama."

"Alhamdulillah." Akafumba macho, akafumbua. Mama aliishia darasa la nne. Hakujua matokeo yanachukua muda gani. "Na majibu yametoka?"

Kaka alikuwa amefika mlangoni, shuka bichi mkononi. Alisikia swali. Alinitazama.

"Yametoka," nikasema.

"Daraja la ngapi?"

"La kwanza, mama. Nimepata la kwanza."